Sigara kwenye Sinia

Kwa Mama Klara,
Runzewe.
Jumatano.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama ningekuwa karibu ningepiga goti pale mlangoni kama ulivyotufundisha, lakini niko mbali, basi ipokee hivyo hivyo kwa karatasi. Mguu wako unaendeleaje na hizi baridi za asubuhi? Mama Salome anakuletea uji kama tulivyokubaliana, au analeta maneno matupu? Mwambie nikirudi nitauliza, na ananijua. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri, ila sauti imekwaruza kidogo. Sababu yake utaiona humu humu, usinune mapema.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu ya jirani yetu Mama Salome. Baba, ile si simu, ile ni redio. Ningesema neno moja, na kabla hujapata miwani yako Nyasubi nzima ingekuwa imeshajaa uani kwetu. Tena lipo jambo moja ambalo nataka ulisome mwenyewe, umekaa, mlango umefungwa. Lakini kwanza nikutoe hofu: kama kuna mtu amekwisha kukuletea habari kwamba Marcel amefariki, mwambie akanywe maji atulie. Mdogo wangu yu hai. Tumemlilia, tumekaa matanga, watu wameacha kazi kwa ajili yake, na yu hai. Sasa tulia nikusimulie toka mwanzo.

Uliponiambia nimtafute, ulisema, "Kamtafute mdogo wako," ukageukia ukutani. Hukuongeza neno, nami sikuuliza. Lakini njia nzima kutoka Kahama nilikuwa nawaza jinsi siku ile ya kumzika Mama ilivyokuwa. Marcel alifika kaburi limeshafunikwa. Akainama achukue udongo, ukamwambia mbele ya watu wote auache, kwamba mwana anayechelewa kumzika mama yake si mwanao. Akaumwaga ule udongo, akaondoka bila kuaga, na tangu hapo hatukusikia sauti yake. Kwa hiyo nilikuwa namfuata mtu aliyefukuzwa msibani, na sina hata neno moja kutoka kwako la kumpa. Nilijua nikimpata nikakaa kimya, nitakuwa nimempoteza mara ya pili.

Fununu niliyokuwa nayo ni kwamba alionekana machimbo ya dhahabu ya Itandula, huko porini ukishaipita Runzewe. Nikaenda na mdomo wangu, kwa sababu nimekua nikiambiwa kuuliza si ujinga. Loo! Huko kuuliza ndio ujinga wenyewe. Kila niliyemuuliza Marcel alinitazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa, akasema hamjui Marcel, wala hajawahi kusikia jina kama hilo duniani. Walidhani mimi ni mke aliyetelekezwa. Mmoja aliniambia kwa huruma kabisa kwamba wake huja kila wiki, na kwamba huyo ninayemtafuta ama ameokoka ama amekwenda Msumbiji, kwa hiyo nirudi nyumbani nikaolewe na mtu mwingine. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa.

Aliyeniokoa ni Mama Klara, mama lishe wa pale Runzewe ambaye amenipa kona ya kulala na hakubali hata nimshukuru. Ana binti wa rika langu, anasema. Alinicheka kwanza, akashika tumbo, halafu akanieleza kwamba machimboni jina la mtu haliombwi kwa mdomo mtupu. Wengi wamekimbia jambo, na anayeuliza jina ni kama jambo lenyewe limewafuata. Ukitaka kuzungumza na usiyemjua, kwanza unaomba sigara. Nikamwambia sivuti. Akasema hakuna aliyesema nina hamu ya sigara, na akanipeleka kwa Masudi, mchimbaji mtu mzima wa Kigoma mwenye ndevu nyeupe, anifundishe.

Baba, wewe umetulea kwa adabu, lakini adabu kama ile sijapata kuiona. Humwendei mtu ukasimama ukamnyooshea mkono. Unamsalimia, unachuchumaa pembeni yake, unakaa kimya mpaka pumzi yako itulie. Halafu unaomba moto. Husemi sigara, hata siku moja. Unaomba moto, na mwenye nayo anaelewa. Akitaka, anakupa kiberiti pamoja na sigara. Asipotaka, anakupa kiberiti peke yake. Wewe unakipokea kwa mikono miwili, unakishika kidogo, unamrudishia na kumshukuru kana kwamba umewasha kitu, unakwenda zako. Umenyimwa, lakini hakuna aliyekunyima, na hakuna aliyeaibika. Mweh! Kwetu Nyasubi mtu akinyimwa chumvi, hadi jioni mtaa wote una habari na umeshachagua upande. Nilimwomba Masudi ayarudie maelezo yale, si kwamba sikuelewa, bali nilitaka kuyasikia tena.

Ukipewa, mnavuta kimya mpaka ifike nusu. Hapo ndipo unaruhusiwa kuuliza swali, nalo liwe moja. Ukiuliza la pili wewe ni polisi. Iliyobaki peke yake kwenye pakiti haiombwi. Mwenyewe akitaka ataikata katikati. Na mtu aliyetoka chini ya duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, haombwi kitu mpaka anywe maji na kutema vumbi. Lakini yule anayeshuka, Baba, anayeshuka anaweza kumwomba mtu yeyote, na hanyimwi. Hapo kiberiti kitupu hakitolewi. Masudi alisema anayeingia shimoni haombi sigara, anaomba asiondoke akiwa na neno na mtu.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Walikuwepo vijana wawili waliopigana siku iliyotangulia, ugomvi wa mawe, mmoja jicho bado limevimba. Yule mwenye jicho alikuwa ameshajifunga kamba, miguu inaning'inia shimoni. Akamtazama adui yake, akaomba moto. Yule mwingine akatoa sigara, akaiwasha mwenyewe, akavuta mara moja kuonyesha haina ubaya, akamwekea mwenzake mdomoni, kisha akashika kamba na kusaidia kumshusha. Hakuna aliyesema mmepatana, hakuna aliyepiga makofi. Nilisimama pale nimekodoa macho mpaka Masudi akanivuta, maana nilikuwa nimeziba njia ya kifusi.

Ndiyo Baba, na mimi nilivuta. Weka fimbo chini. Nilikohoa mpaka machozi, na bibi wanaoponda mawe pale machimboni wakafurahi sana, wao wenyewe wakivuta sigara zimegeuzwa, moto ukiwa ndani ya mdomo, wala ulimi hauungui. Mmoja aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akanipiga mgongoni, akaniambia nivute taratibu kama ninayekunywa uji wa moto. Lakini swali moja moja hivyo ningezeeka kule. Huyu anasema labda yuko Buseresere, yule anasema labda alikwenda Nyarugusu, na kila labda ni sigara nzima na kifua kinawaka.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, kwa sababu mimi ni binti yako na sina subira. Nikajisemea kwamba kukaribisha watu ninakujua. Kama kuomba kunachukua muda, basi nitatoa mimi, kwa heshima kama tunavyotoa nyumbani, watu wote wavute pamoja na kila mmoja nimdai jibu. Nikaenda kwa Jashvant, Mhindi mmoja anayeuza kamba na koleo pale Runzewe, nikachukua pakiti kadhaa za sigara. Mzee wa watu akaniuliza kama ni salama. Nikamwambia salama. Akanifungia, akaweka mkono kifuani, akaniambia pole sana mama. Nikadhani ni pole ya jua.

Mama Klara alikuwa amekwenda sokoni. Nikachukua sinia lake kubwa la bati, nikatandika kitambaa cheupe nilichodarizi mwenyewe, nikazipanga sigara zikapendeza, Baba, ungeona zilivyopendeza. Nikaenda nalo hadi mdomoni mwa duara kubwa, saa za kupokezana, watu wamejaa. Nikapiga magoti, nikalinyoosha sinia mbele kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nilitaka waone nimelelewa.

Masudi akaja mbele yangu, akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ya chini sana, ni nani. Moyo ukaruka kwa furaha, maana siku zote zile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba ni mdogo wangu, Marcel, mtoto wa mzee Sostenes aliyekuwa anapima pamba, wa Nyasubi. Masudi akavua kofia yake, akainua mkono juu.

Winchi ikasimama. Karasha ya karibu, mashine ya kusaga mawe, ikazimwa, ikafuata ya pili, na zile za kule bondeni, moja baada ya nyingine, mpaka ikafika mahali nikasikia ndege. Kumbe kule kuna ndege! Watu wakatolewa mashimoni, wakaja wamejaa vumbi, kofia mkononi, mmoja mmoja, kila mtu akachukua sigara kwa mkono wa kulia na kunigusa begani. Walichuchumaa wakizunguka lile duara, wakavuta kimya, na ilipofika nusu kila mmoja akaiweka yake kwenye udongo wa mdomo wa shimo ikaendelea kuwaka yenyewe. Moshi ukapanda pamoja. Mimi nimepiga magoti, sinia mkononi, nashangaa watu hawa wana heshima ya namna gani kwa mgeni.

Nilikuja kuelewa nilipomwona Mama Klara anakuja mbio, khanga kiunoni, analia kwa sauti, ananiuliza kwa nini nimemficha msiba mkubwa hivyo na ninalala kwake. Baba, machimboni sigara haziwekwi kwenye sinia ila na mfiwa. Wengi wanabaki chini, wanafunikwa, hawana kaburi wala jeneza. Basi ndugu zao hutoa sigara kwa wasiowajua, na wasiowajua humvutia marehemu nusu na kumwachia nusu. Nami nilikuwa nimekwenda katikati ya watu wote, kwa magoti yangu mwenyewe, nimemtangaza mwanao kuwa amekufa.

Nilipiga kelele kwamba hajafa. Nilisema hajafa, namtafuta tu, nimekosea. Wakanishika mabega, wakanikalisha, wakanipa maji. Wafiwa wote husema hivyo. Masudi alikaa karibu yangu akaniambia kwamba hata yeye, mwanawe alipobaki chini, alisema hivyo hivyo kwa muda mrefu, na kwamba hakuna atakayenilazimisha kuacha kusema. Nikamtazama usoni, nguvu za kubishana zikaniisha. Ikanijia kwamba pengine wao ndio wanaojua na mimi ndiye nisiyejua. Nikalia, Baba. Nililia kweli kweli.

Hawakurudi kazini siku ile wala kesho yake. Niambie, nani kati yetu angeacha kazi yake kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura? Katekista alisali, sheikh wa Itandula akasoma dua, bibi wa mawe wakapika. Yule aliyeniambia siku ya kwanza nirudi nikaolewe na mwingine alikuja kunitaka radhi, akaniletea kuni. Na bodaboda zikapeleka habari kila upande, kwamba kuna Marcel wa Sostenes wa Nyasubi amefariki, anayemfahamu aje.

Ikamfikia mwenyewe. Marcel yuko Buseresere, anatengeneza pampu za maji, watu wanamwita Gregory. Abiria mmoja wa bodaboda alimsimulia msiba wake, yeye Marcel akiwa ameshika spana. Anasema kwanza alicheka, kisha akashindwa kufanya kazi, kisha akapanda pikipiki. Hakuja kusema yu hai. Alikuja kuona kama kuna mtu wa kwao aliyefika.

Alikaa nyuma kabisa, kofia imeshushwa. Nilikuwa napitisha sinia kwa waliochelewa, nimevimba macho, simtazami mtu. Mkono wa kushoto ukanyooshwa, ukarudishwa haraka haraka, ukaja wa kulia. Baba, dunia nzima ni nani anayerudisha mkono wa kushoto kwa woga namna ile, kama si mtoto uliyemchapa kwa ajili ya mkono huo huo? Nikaachia sinia. Nikamzaba kibao. Halafu nikamkumbatia, na makelele yaliyotokea hapo sina kalamu ya kuyaandika. Wengine walikimbia, wakidhani ni mzimu. Mama Klara alianguka chini. Masudi alicheka, akacheka, mpaka akakaa kwenye kifusi akajifunika uso, na tulipomtazama vizuri tukaona siyo kucheka tena.

Watu walipotulia wakatuzunguka. Marcel akaniuliza, mbele ya wote, kama nimekuja kwa mapenzi yangu au nimetumwa. Nikasema nimetumwa na Baba. Akaniuliza Baba amesema nini. Wote wakanitazama, na yeye amekonda, Baba, ana mvi mbili tatu hapa kwenye sikio, naye anangoja. Nikamwambia: Baba anasema alikukosea siku ile, na anakuomba umsamehe.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa chini pale pale, akalia kama siku aliyovunjika mkono. Mzee mmoja wa Kisukuma akasema hajawahi kusikia mzazi akimwomba radhi mwanawe, na kwamba anataka kumwona mzee huyo kabla hajafa. Wengi wakaitikia. Na hapo ndipo penye kazi, Baba. Wanasema mtu aliyeliliwa akiwa hai hawezi kujirudia mwenyewe tu nyumbani, matanga yatamng'ang'ania. Lazima waliomlilia wamshike mkono wamkabidhi kwa baba yake. Jumapili baada ya misa wanakuja, kwa Fuso. Masudi, Mama Klara, bibi wa mawe, wale vijana wawili, na Marcel katikati yao. Mama Salome aanze kuazima masufuria. Wanakuja kumkabidhi, na wanakuja kusikia kwa masikio yao.

Sasa funga mlango kama hujaufunga. Ninajua unachokisema hapo ulipo. Unasema, Generosa, mimi sikukutuma maneno hayo. Ni kweli, hukunituma. Nilikutia maneno mdomoni mbele ya machimbo mazima, na kwa hilo nakuomba radhi. Lakini sikumdanganya mdogo wangu.

Baba, tangu mashine za kiwanda cha pamba zikuharibie masikio, hujui sauti yako inafika wapi. Jioni ukishakula ukajifungia kusali, unadhani unanong'ona. Hunong'oni, Baba. Unasema, na ukuta wetu ni mwembamba. Toka mwaka ule wa msiba nakusikia ukimwambia Mungu kwamba ulimkosea Marcel, kwamba hasira yako ilikuwa ya kufiwa, ikamwangukia mtoto. Nakusikia ukimwambia Mama akuombee kwake. Usiku ule kabla hujanituma ulisema, "Marcel mwanangu, nisamehe," mara nyingi, mpaka nikatoka uani kukaa gizani. Mama Salome anasikia pia toka kwake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hajamwambia mtu. Hatukukuambia kwa sababu tuliogopa utanyamaza.

Kwa hiyo maneno ni yako, mimi nimeyabeba tu. Jumapili atakaposimama mbele yako, nakuomba nikiwa nimepiga magoti, usitafute maneno mengine ya kiume. Yaseme yale yale, kwa sauti ile ile unayodhani hakuna anayeisikia.

Wasalimie Mama Salome na nyumba yake, na katekista wetu. Marcel anakuamkia, nilimpa kalamu aandike mstari mmoja hapa chini, akaishika muda mrefu, akanirudishia, akasema atakuja na mdomo wake. Mama Klara anakusalimu bila kukujua. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, akuletee mkononi.

Mungu akutunze hadi tufike.

Ni mimi binti yako,
Generosa